Mlango Ukianguka, Nani Alipe? Dhamana ya Fundi na Suala la Bima

(Matini ya mazungumzo na mafundi wa milango ya chuma, Madungu, Chake Chake)

  



Tumeombwa tuzungumzie bima. Waliotuomba ni mafundi wa milango, wale wanaochomelea mageti ya nyumba, wanaopachika milango ya maduka inayojikunja juu, na wanaoitwa kuja kuitengeneza inapokwama. Walituandikia swali la mstari mmoja: je, inafaa fundi wa milango kukata bima ya kazi yake? Swali hili tumelipokea kwa haya kidogo, kwani si mara ya kwanza kuulizwa, na mara ya kwanza jibu letu lilikuwa pungufu.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya darsa ya Magharibi, kijana mmoja fundi wa kuchomelea alitusimamisha mlangoni. Alisema wakala wa bima amempitia karakanani na kumwambia kwamba akitoa kiasi fulani kwa mwaka, likitokea baya kutokana na milango anayoipachika, kampuni italipa. Akauliza, "Ustadhi, nikate au nisikate?" Tulimjibu kwa neno moja kwamba ni haramu, kisha tukapokea swali la mtu mwengine, nalo lilihusu udhu. Kijana alishukuru akaenda zake. Hakukata.

Baada ya muda, mlango alioupachika ukaanguka.

Ulikuwa mlango wa duka, wa chuma, wa aina ile inayojikunja. Mafundi mnaujua, lakini wazee wetu waliokaa nyuma pengine hawaujui undani wake. Mlango wa namna hii una uzito ambao mtu mmoja hauwezi kwa mikono mitupu. Kinachomsaidia ni springi iliyofichwa ndani ya bomba la juu, ambayo fundi huizungusha na kuikaza siku ya kuupachika mlango, ili nguvu iliyobanwa humo iubebe uzito. Springi ikichoka au ikikatika, uzito wote hurudi kwa mpigo mmoja. Springi ya mlango ule ilikuwa imetolewa katika mlango mwengine wa zamani. Mwenye duka alitaka bei ya chini, na fundi akamtafutia njia. Miezi minane ilipita. Asubuhi moja mlango ukashuka wenyewe, na mtoto wa miaka tisa aliyetumwa sukari alikuwa ameweka mkono juu ya kizingiti. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Baba wa mtoto hakwenda polisi. Alikwenda kwa sheha, na sheha akatukusanya watu wanne tukae kutafuta suluhu. Fundi alisema mwenye duka ndiye aliyekataa kununua springi mpya. Mwenye duka alisema yeye si fundi. Alilipa fedha akapewa mlango, na ya ndani ya bomba hayajui. Baba wa mtoto alinyamaza muda mrefu, kisha akasema maneno machache: "Mimi nataka kujua tu, vidole vya mwanangu viko kwa nani?" Fundi akatutazama sisi. Hakusema lolote, wala hakuwa na haja ya kusema.

Mali yake yote ilikuwa mashine ya kuchomelea, baiskeli na deni la mabomba aliyokopa mjini.

Basi tuanze hapo alipoanza baba wa mtoto, kabla ya kufika kwenye bima. Watu wengi wanadhani kwamba bima ndiyo inayomletea fundi dhima, yaani asiyekata bima hana linalomhusu. Hili si kweli. Dhima ipo shingoni mwa fundi tangu siku aliyopokea kazi, awe na bima au asiwe nayo. Kinachobadilika ni mfuko utakaolipa.

Mafakihi wetu wamelichambua jambo hili kwa urefu. Wamemtofautisha mwajiriwa wa mtu mmoja, anayeuza muda wake, na mwajiriwa wa wengi, anayeuza kazi yake kwa kila ajaye. Fundi wa milango ni huyu wa pili. Imepokewa kwa Imam Ali (R.A.) kwamba aliwabebesha mafundi dhamana ya mali za watu walizokabidhiwa, kwa kuona kuwa mambo ya watu hayatengenei ila kwa hivyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana: chombo alichokabidhiwa kikiharibika bila ya yeye kuvuka mipaka wala kuzembea, halipi. Lakini hapa pana habari inayofaa kila fundi aijue. Ar-Rabii, mwanafunzi wa Imam Shafi, ameeleza kwamba Imam aliamini kuwa fundi hana dhamana ya aina hiyo, lakini hakuwa akiitangaza rai hiyo, kwa kuwachelea mafundi wabaya. Imam mkubwa kama yule alikuwa na kauli yenye nguvu mkononi, naye akaizuia kwa kujua ni nani watakaoikimbilia.

Hayo ni katika mali ya mteja iliyo mikononi mwa fundi. Ama mpita njia aliyeangukiwa, mfano wake wa karibu ni ukuta. Katika Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), na ni kitabu kilichosomwa katika mabaraza mengi ya mwambao huu, imeelezwa hukumu ya mwenye ukuta. Aliyeujenga ukuta wake ukiwa umeinama upande wa njia kisha ukaanguka, anadhamini. Aliyeujenga umesimama sawasawa, kisha ukainama baadaye na kuanguka, hadhamini katika kauli iliyo sahihi. Ipo kauli nyengine inayosema kwamba kama angeweza kuutengeneza naye hakuutengeneza, basi anadhamini. Wanazuoni wa Kihanafi wao wametazama kama alionywa akapuuza. Masuala haya yameandikwa kwa mwenye ukuta, nasi tunamkisia fundi kwayo. Mlango uliotiwa springi iliyochoka ni ukuta uliojengwa umeinama. Mlango uliopachikwa vyema kwa vifaa vizima, ukala kutu kwa miaka bila ya mwenyewe kuuangalia, ni ule ukuta uliosimama kisha ukainama, na hapo fundi ana hoja nzito mbele ya Allah na mbele ya watu.

Kwa mizani hiyo, katika kikao kile fundi hakuwa na pa kutokea. Aliijua springi ilikotoka.

Na malipo ya kidole yanajulikana. Diya kamili ni ngamia mia moja, na kila kidole kina ngamia kumi, hakuna tofauti baina ya kidole gumba na kidole cha mwisho, wala baina ya mtoto na mkubwa. Vidole viwili ni ngamia ishirini. Hata tungemkadiria ngamia kwa bei ya ng'ombe wa hapa Pemba, kijana yule angefanya kazi miaka mingi bila ya kula.

Hapa ndipo sharia ilipokwisha kuliona tatizo letu kabla ya kuwepo kampuni yoyote ya bima. Mtu aliyejeruhi kwa makosa, bila ya kukusudia, hakuachwa peke yake na deni la ukubwa huo, wala aliyejeruhiwa hakuambiwa asamehe kwa kuwa mkosaji ni maskini. Mzigo ulipelekwa kwa aqila, yaani jamaa za mkosaji wa upande wa baba. Katika madhehebu ya Shafi mwenye wasaa hutoa nusu dinari kwa mwaka, wa kati robo dinari, na fakiri hatoi kitu. Diya kamili ya mtu hulipwa kwa miaka mitatu. Tazameni mpango huo: mchango mdogo, wa wengi, kwa kadiri ya uwezo, kwa muda unaojulikana, ili aliyeumia apate haki yake kamili. Na Wahanafi wamekwenda mbele zaidi. Wamesema kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipoweka madaftari ya askari, wale walioandikwa katika daftari moja wakawa ndio aqila wa mwenzao, kwa kuwa nusura ilikuwa imehama kutoka kwenye ukoo kwenda kwa wenzao wa kazi.

Tuseme ukweli wetu hapa. Nani leo katika sisi anayejua aqila wake ni nani? Koo zimetawanyika, ndugu mmoja yuko Unguja, mmoja Dar es Salaam, mmoja Muscat. Akifiwa mtu tunachanga usiku huohuo, na hilo Pemba bado lipo, walhamdulillah. Lakini nani amewahi kuchangishwa kwa sababu binamu yake amepachika mlango vibaya? Aqila imebaki vitabuni, na mtoto wa watu amebaki bila ya mlipaji.

Sasa tuje kwenye bima yenyewe.

Ilizaliwa baharini, katika biashara za miji ya Italia, na neno lake likaingia katika Kiarabu cha wafanyabiashara kwa jina la sukara. Fakihi mashuhuri wa Damascus, Ibn Abidin, aliyefariki mwaka 1252 Hijria (1836), ni katika wa mwanzo kuiandikia kwa upana, alipoulizwa kuhusu wafanyabiashara wanaolipa fedha ya ziada ili shehena yao ikizama walipwe. Aliona kwamba si halali kwa mfanyabiashara kuichukua fidia ile. Baada yake mjadala haukutulia. Katika mkutano wa fiqhi uliofanyika Damascus mwaka 1961, Sheikh Mustafa az-Zarqa aliitetea bima kwamba ni mkataba mpya wenye maslaha, na Sheikh Muhammad Abu Zahra akampinga. Tunawataja wote wawili kwa sababu waliohitilafiana ni wanazuoni wakubwa, na haitupasi kumtusi Muislamu aliyeifuata kauli ya Az-Zarqa.

Hata hivyo, rai waliyoishika wengi ndiyo iliyotoka katika Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, Jeddah, mwezi wa Desemba 1985. Baraza lilisema kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa inayoufisidi mkataba, na kwamba badala yake ni bima ya ushirikiano inayosimama juu ya kujitolea na kusaidiana. Gharari ni nini katika jambo letu? Fundi anatoa shilingi laki moja. Mwaka ukipita salama, laki imekwenda, hakununua kitu anachokijua. Mwaka ukileta balaa, anaweza kulipiwa milioni kumi. Yeye hajui ananunua nini na kampuni haijui inauza nini, na faida ya mmoja ni hasara ya mwengine. Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharari, kama ilivyopokewa na Imam Muslim. Juu ya hayo, fedha za kampuni nyingi huwekwa katika riba zikisubiri kulipwa.

Basi hukumu tuliyompa yule kijana hatuirudii nyuma. Kosa letu ni kwamba Baraza lile liliandika hukumu na badala yake katika azimio moja, nasi tulichukua nusu ya kwanza tukaiacha ya pili. Na badala hiyo si ndoto. Sudan kampuni ya bima ya Kiislamu ilianzishwa mwaka 1979. Malaysia sheria ya takaful ilitungwa mwaka 1984. Kwa jirani zetu Kenya, kampuni ya takaful ilianza kazi mwaka 2011, na mwaka 2014 ikawalipa wafugaji wa Wajir waliopatwa na ukame. Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, sheria ya takaful ilitoka mwaka 2016 kwa amri ya kisultani namba 11. Na hapa kwetu, Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, katika miaka ya karibuni limefungua huduma ya takaful, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania.

Namna inavyofanya kazi takaful ni hii. Washiriki hutoa michango kwa nia ya kujitolea, na michango hiyo huingia katika mfuko wao wenyewe, uliotengwa na mali ya kampuni. Kampuni ni wakala wa kuuendesha mfuko kwa ujira unaojulikana, au ni mshirika katika faida ya uwekezaji wa halali. Aliyepatwa hulipwa kutoka mfuko wa wenzake. Kikibaki kitu mwisho wa mwaka, ni cha washiriki, kwa mujibu wa masharti. Kikipungua, kampuni huukopesha mfuko mkopo usio na riba. Gharari haikutoweka kabisa, lakini mkataba wa kujitolea husamehewa gharari isiyosamehewa katika kuuza na kununua.

Wapo wanaosema kwamba hilo ni jina tu, mvinyo uliotiwa katika chupa ya sharbati. Hatuwezi kuwaambia wamekosea kila mahali. Dawa yake ni kuuliza. Fundi akienda kwa wakala asione haya: fedha zetu zimetengwa na zenu? Ujira wenu ni kiasi gani katika kila mia? Bodi ya sharia ni nani, na wametia saini wapi? Kinachobaki kinakwenda kwa nani? Na nyinyi wenyewe mnajikinga kwa nani, kwa takaful kubwa zaidi au kwa kampuni ya riba? Anayejibu kwa kukasirika, mwacheni.

Kisha yapo maswali ya kazi yenyewe, na haya ni muhimu kwenu kuliko kwa mwenye duka. Zipo bima nyingi zenye majina mengi, na fundi anaweza kulipia asiyoihitaji. Inayomgusa yule mtoto wa sukari inaitwa bima ya dhima kwa watu wengine: inalipa mwili au mali ya mtu wa nje aliyedhurika kwa sababu ya kazi yako. Ulizeni kama inafika hadi baada ya kazi kumalizika, kwani ule mlango ulianguka miezi minane baada ya fundi kukunja vifaa vyake na kuondoka. Bima inayomlinda fundi akiwa juu ya ngazi tu ni nusu ya bima kwa mtu wa milango. Jueni pia kwamba kwa kawaida bima ya namna hii humlipa aliyeumia, lakini haikulipii gharama ya kuifanya upya kazi uliyoiharibu. Ya kijana wako wa kazi ni nyengine tena. Springi ikimrukia usoni, yeye si mtu wa nje, na sheria za Zanzibar zinamtaka mwajiri amfidie mfanyakazi anayeumia kazini. Mashine na zana zina bima yake, na mabati na mabomba yanayovuka bahari kutoka Dar es Salaam au Unguja yana yake. Kwa fundi mdogo tungesema aanze na ile ya watu wengine, kwa kuwa haki ya mtu ndiyo inayomfuata hadi kaburini. Mashine ikiungua amepata hasara, lakini hakumdhulumu mtu.

Mafundi wawili walituambia kabla ya kikao hiki kwamba hata takaful wataiona ghali, kwa kuwa mwezi mwengine hawapati mlango hata mmoja. Tunalijua hilo. Ndiyo maana tumeleta pendekezo, na tunaomba mlijadili wenyewe baada ya sisi kuondoka.

Nyinyi mafundi wa milango wa Chake Chake mnajuana. Mnaazimana mashine, mnapelekana kazi. Kwa maneno ya Wahanafi, nyinyi ni watu wa daftari moja. Anzisheni mfuko wa kusaidiana, kila mmoja akitoa kwa uwezo wake, mwenye karakana kubwa mara mbili ya mwenye mashine moja, na anayejifunza kazi asitoe. Katika Sahihi mbili imepokewa sifa ya watu wa kabila la Al-Ash'ari, kwamba walipopungukiwa na chakula safarini au mjini walikikusanya chote katika nguo moja kisha wakagawana sawa, na Mtume (S.A.W.) akawasifu kwa hilo. Lakini tahadharini na mambo matatu, kwa sababu tumeona mifuko mingi ikifa kabla ya mwaka.

La kwanza, huu si upatu. Katika upatu kila mtu anangoja zamu yake. Hapa aliyetoa ametoa, na anamuomba Allah asiwe yeye wa kuchukua. La pili, andikeni. Katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, tumeamrishwa kuyaandika madeni na kuweka mashahidi, na ajabu yetu ni kuisoma aya hiyo kwa tajwidi nzuri huku mweka hazina anaweka hesabu kichwani. Andikeni nani analipwa kwanza, nasi tunaona ni aliyejeruhiwa, si fundi. Andikeni kwamba aliyetia springi aliyoijua kuwa mbovu hapewi msaada kama wa aliyekosea. Mfuko umlipe aliyeumia, kisha umdai fundi kidogo kidogo hadi amalize. Fedha ziwekwe kwa majina ya watu watatu, katika akaunti isiyo ya riba. Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma za Kiislamu tangu mwaka 2011. La tatu, msiuze ahadi. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kufanya biashara ya bima bila ya leseni. Mfuko wenu ni wa wanachama, unasaidia kwa kadiri ya kilichomo, na usimuahidi mteja wala mtu wa nje kiasi chochote. Kazi ikiwa kubwa, kama milango ya ghala au ya skuli, hapo nendeni kwenye takaful yenye leseni, na gharama yake iingizeni katika bei mbele ya mteja waziwazi.

Pia hakuna mfuko unaotosha pale ambapo mkono hautaki kutengenea. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu mmoja aliamrishwa amfunge ngamia wake kisha ndipo ategemee. Geti la kusukuma lisilo na kizuizi mwisho wa reli huchomoka na kuwaangukia watoto wanaolichezea. Kizuizi chenyewe ni kipande cha chuma kinachobaki sakafuni mwa karakana mwisho wa siku. Marekani, tangu mwaka 1993, kila mashine mpya ya kufungulia mlango wa banda la gari nyumbani imelazimishwa na sheria kuwa na njia ya kuugeuza mlango ukikutana na mtu chini yake, na sababu yake ilikuwa ni watoto waliobanwa. Kule mteja wengi hawampi mtu kazi kabla hajaonesha hati yake ya bima, na kampuni ya bima nayo hutazama kazi yake. Sisi hatuna anayetutazama ila Allah, na yule mteja anayetaka bei ya chini.

Kwa mteja huyo tuna neno moja la kifiqhi. Akikataa springi mpya, au akikataa kizuizi, kauli yake ya "mimi nimekubali, tia hivyohivyo" inaondosha lawama yake kwako katika mali yake. Haiondoshi haki ya mpita njia, kwani yeye hakuwepo mlipokubaliana, na hakuna mwenye uwezo wa kusamehe haki ya mwengine. Kazi ya namna hiyo iacheni. Tunajua ni rahisi kusema hivi kwa mtu anayeishi kwa kufundisha, na mwenzake ana watoto wanaongoja unga. Lakini atakayeifanya aijue ni kazi gani anayoipokea.

Mmetuuliza pia, mlipokuwa mkituandalia kikao hiki, kama kesi ile ya vidole ilikwisha vipi. Ilikwisha kwa suluhu, si kwa hukumu, kwani sisi si makadhi, na makadhi wetu wenyewe hawasikilizi kesi za namna hii. Baba wa mtoto alisamehe sehemu kubwa ya ngamia ishirini, kwa hiari yake, baada ya kuulizwa mara tatu kama ameridhika. Mwenye duka alibeba gharama za hospitali, kwa kuwa ilithibiti kwamba alikwisha kuona mlango unazidi kuwa mzito naye hakumwita fundi. Fundi alibakiwa na kiasi ambacho ami zake wawili na binamu yake mmoja walikubali kukibeba pamoja naye kwa miezi ishirini na nne. Mmoja katika ami zake aliuza ndama.

Sisi tuliokuwa tumempa jibu la neno moja tuliomba nasi tuandikwe katika daftari la wanaochanga. Fundi alikataa, akasema, "Ustadhi, wewe hukunitilia ile springi." Tulimwambia aandike tu. Imebaki miezi mitano, na mtoto sasa anaandika kwa mkono wa kushoto katika madrasa yetu.

Wallahu a'lam.